Zama za Sanaa ya Nchi za Magharibi na Asili ya Majina Yake

Katika vitabu vya historia ya sanaa ya nchi za Magharibi, habari za miaka elfu mbili na mia tano hivi hugawanywa katika zama, na kila zama huwa na jina: sanaa ya Kiklasiki, ya Zama za Kati, ya Kigothi, ya Mwamko, ya Kibaroki, ya Kirokoko, ya Kiromantiki, ya Uhalisia, ya Kiimpresioni, ya michemraba, na kadhalika. Mwanafunzi huyasoma majina hayo kwa mfuatano kama asomavyo majina ya wafalme, na aghalabu hudhani kwamba wachoraji na wachongaji walijiita hivyo wenyewe. Sivyo ilivyokuwa. Sehemu kubwa ya majina hayo ilitolewa na watu wa baadaye au na wapinzani, na mengi katika hayo yalianza kuwa lakabu za dhihaka.

Jambo hili lamhusu mtaalamu wa lugha kwa namna ya pekee. Atafutaye istilahi za Kiswahili za elimu hii hana budi kuchagua baina ya kuchukua sauti ya jina na kutafsiri maana yake. Akitafsiri maana pasipo kujua ilikotoka, aweza kutia katika Kiswahili hukumu ya mtu aliyekufa zamani, na hukumu hiyo ikafundishwa shuleni kana kwamba ni elimu. Makala haya yaeleza vipindi vikuu kwa mfuatano, na katika kila kimoja yatazama kazi yenyewe na mahali lilipotoka jina.

NENO SANAA

Neno sanaa latoka katika Kiarabu, na asili yake yahusu kazi ya mikono na ufundi. Maneno ya kale ya Ulaya yalikuwa na maana iyo hiyo. Techne la Kigiriki na ars la Kilatini yalitaja ujuzi wa kufanya kitu kwa kanuni, ukiwamo ujuzi wa fundi viatu na wa tabibu. Katika mji wa Florence, wachoraji walikuwa wanachama wa chama kimoja na matabibu na wauza dawa. Tofauti kati ya sanaa na ufundi wa kawaida ilikaza katika karne ya 18, na kitabu cha Mfaransa Charles Batteux cha mwaka 1746, kilichokusanya ushairi, uchoraji, uchongaji, muziki na uchezaji chini ya jina la sanaa nzuri, kilikuwa na sehemu kubwa katika kuikaza. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili, ambaye kwake fundi na msanii hawako mbali, amekaribia fikra za watu wa Florence wa karne ya 15 kuliko amsomavyo mhakiki wa karne ya 19.

SANAA YA KALE

Hekalu la Parthenon lilijengwa Athens kati ya mwaka 447 na 432 kabla ya Kristo, na sanamu zake zilisimamiwa na Phidias. Katika karne hiyo wachongaji wa Kigiriki waliacha sanamu zilizosimama wima kama mti, wakachonga mtu aliyeegemeza uzito wake juu ya mguu mmoja, nyonga na mabega yakielekea pande tofauti. Polykleitos aliandika kitabu juu ya vipimo vya viungo vya mwili. Sanamu nyingi za shaba za wakati huo ziliyeyushwa baadaye, na baadhi zajulikana tu kwa nakala za marumaru zilizofanywa kwa ajili ya Warumi.

Jina la Kiklasiki latokana na classicus la Kilatini, lililotaja raia wa tabaka la kwanza katika hesabu ya mali. Katika karne ya 2, Aulus Gellius alilihamisha neno hilo kwa waandishi: mwandishi wa tabaka la kwanza, kinyume cha mwandishi wa watu wa chini. Hivyo hata jina hili la sifa ni neno la kodi na daraja. Tena sifa yenyewe ilisimama juu ya kosa. Johann Joachim Winckelmann, aliyechapisha historia yake ya sanaa ya kale mwaka 1764, aliutukuza weupe wa marumaru, na wengi wakaufuata. Uchunguzi wa mabaki ya rangi umethibitisha kwamba sanamu za Kigiriki zilipakwa rangi za kung'aa, na kwamba weupe ule ni kazi ya mvua na udongo.

ZAMA ZA KATI NA KIGOTHI

Zama za Kati ni jina walilolitoa wanazuoni wa Italia na wafuasi wao kwa takriban miaka elfu moja iliyokuwa katikati ya Roma ya kale na wao wenyewe. Hakuna aliyeishi katika miaka hiyo aliyejiona yuko katikati. Petrarch, aliyefariki mwaka 1374, ndiye aliyeeneza fikra kwamba ulikuwa wakati wa giza.

Mfano ulio wazi zaidi ni Kigothi. Wagothi walikuwa watu wa jamii ya Kijerumani ambao, wakiongozwa na Alaric, waliuteka na kuupora mji wa Roma mwaka 410. Ujenzi unaoitwa kwa jina lao ulianza zaidi ya miaka mia saba baadaye, tena Ufaransa. Upande wa madhabahu wa kanisa la Saint-Denis, karibu na Paris, ulijengwa upya kati ya 1140 na 1144 kwa amri ya Abati Suger, na huhesabiwa kuwa mwanzo wa mtindo huo. Siri yake ilikuwa katika namna ya kuchukua uzito. Tao lenye ncha husukuma upande kidogo kuliko tao la mviringo. Mbavu za mawe hukusanya uzito wa dari na kuupeleka kwenye nguzo. Na viegemeo vilivyojengwa nje hupokea msukumo uliobaki. Ukuta ulipokwisha kupunguziwa kazi ya kubeba, mafundi waliweza kuutoboa na kuweka madirisha makubwa ya vioo vya rangi, kama yaonekanavyo katika kanisa kuu la Chartres, lililojengwa upya baada ya moto wa mwaka 1194.

Watu wa wakati ule waliuonaje ujenzi huu? Mwandishi Burchard wa Hall, akieleza katika karne ya 13 kanisa lililojengwa Wimpfen, Ujerumani, aliuita kazi ya Kifaransa. Jina hilo lilitaja mahali, nalo lilikuwa sahihi. Aliyelifunika ni Giorgio Vasari, mchoraji na mjenzi wa Arezzo, ambaye katika kitabu chake cha maisha ya wasanii cha mwaka 1550 aliwalaumu Wagothi kwa majengo hayo, akayahesabu kuwa machafuko yasiyo na kanuni. Wajenzi wa Chartres hawakuwapo kumjibu; na msema pweke hakosi. Kwa Mwitalia wa karne ya 16, neno Mgothi lilifanya kazi ile iliyofanywa na neno mshenzi katika kinywa cha mtu wa pwani alipomtaja mtu wa bara: halikueleza yule aliyetajwa, lilieleza umbali aliouona msemaji.

MWAMKO

Vasari yuyo huyo ndiye aliyeandika juu ya kuzaliwa upya kwa sanaa. Jina lenyewe kama jina la zama zima lilienea kwa vitabu viwili vya karne ya 19, kile cha Jules Michelet wa Ufaransa cha 1855 na kile cha Jacob Burckhardt wa Uswisi cha 1860.

Mabadiliko yaliyotokea yalikuwa ya kweli. Giotto, alipochora kuta za kanisa dogo la Scrovegni huko Padua yapata mwaka 1305, aliwapa watu wake uzito wa mwili na huzuni inayoonekana usoni. Filippo Brunelleschi, aliyesimamia ujenzi wa kuba la kanisa kuu la Florence kati ya 1420 na 1436, alivumbua njia ya hesabu ya kuonyesha umbali juu ya ubao bapa, ambamo mistari yote inayokwenda mbali hukutana katika nukta moja. Masaccio aliitumia yapata 1427 katika picha ya Utatu, na Leon Battista Alberti akaiandikia kanuni mwaka 1435. Kuanzia hapo zilifuata kazi zijulikanazo kote duniani: Karamu ya Mwisho ya Leonardo da Vinci huko Milan, iliyomalizika yapata 1498, sanamu ya Daudi ya Michelangelo ya 1501 hadi 1504, na dari ya kanisa la Sistine, Roma, 1508 hadi 1512.

Walakini jina la kuzaliwa upya laficha mambo mawili. La kwanza ni kwamba elimu ya kuona haikufufuliwa kutoka kaburini, bali ilipokewa kutoka mikono iliyo hai. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefariki Cairo yapata 1040, aliandika Kitab al-Manazir, na kitabu hicho kilitafsiriwa katika Kilatini na baadaye Kiitaliano. Mchongaji Lorenzo Ghiberti wa Florence alinukuu sehemu zake. Neno manazir ndilo jamaa ya mandhari ya Kiswahili. La pili ni kwamba huko Flanders, Jan van Eyck, aliyeimaliza madhabahu ya Ghent mwaka 1432, alipata ufundi wake kwa rangi ya mafuta iliyopakwa tabaka juu ya tabaka, na kwa kutazama kitambaa, maji na ngozi ya mtu. Hakuwa na sanamu za Kirumi za kuzifufua. Kwa sababu hizi neno Mwamko lafaa katika Kiswahili kuliko tafsiri ya kuzaliwa upya, kwa kuwa aamkaye si lazima awe alikufa.

BAROKI NA ROKOKO

Wanazuoni wengi wakubali kwamba Baroki latokana na neno la Kireno la lulu isiyo na umbo la duara kamili, lulu iliyopindana. Katika karne ya 18 wahakiki walilitumia kwa maana ya kitu kilichopindukia mpaka na kukosa adabu. Heinrich Wölfflin, katika kitabu chake cha mwaka 1888, ndiye aliyefanya kazi kubwa ya kuliondolea tusi na kulifanya istilahi.

Sanaa iliyopewa jina hilo ilikuwa na sababu zake. Mtaguso wa Trent, katika kikao chake cha mwisho mwaka 1563, uliagiza kwamba picha za kanisani ziwafundishe waumini na kuwavuta kwenye ibada. Caravaggio alichora wito wa Mathayo mwaka 1599 na 1600 kwa ajili ya kanisa la San Luigi dei Francesi, Roma: wanaume wameketi mezani wakihesabu fedha, na nuru yaingia kutoka upande mmoja pamoja na mkono wa Yesu. Gian Lorenzo Bernini, kati ya 1647 na 1652, alichonga marumaru ya Mtakatifu Teresa hata vazi likaonekana linatikisika.

Wakati uo huo Uholanzi ilifuata njia nyingine. Waprotestanti walikuwa wameziondoa picha makanisani, na wachoraji wakawauzia wafanyabiashara picha za sura zao, nyumba zao na nchi yao. Rembrandt na Vermeer huwekwa chini ya jina la Baroki pamoja na Bernini, ingawa wanunuzi wao na makusudi yao yalikuwa mbali kabisa. Jina moja moja nalo laweza kupoteza. Picha kubwa ya Rembrandt ya mwaka 1642, iitwayo Zamu ya Usiku, yaonyesha kikosi cha askari wa mji kikitoka mchana; giza lake ni la vanishi na uchafu uliogandamana, na jina lilikuja zaidi ya miaka mia moja baadaye.

Rokoko, jina la mtindo wa mapambo mepesi ya Ufaransa ya karne ya 18, latokana na rocaille, yaani mapambo ya mawe na kombe za pwani. Hili nalo lilikuwa mzaha wa kizazi kilichofuata.

KUTOKA MAGOFU HADI UHALISIA

Magofu ya Herculaneum yalianza kufukuliwa mwaka 1738 na ya Pompeii mwaka 1748, na tamaa ya kuwarudia wa kale ikazaa Uklasiki mpya. Jacques-Louis David alionyesha Kiapo cha Ndugu Horatii huko Paris mwaka 1785, miaka minne kabla ya Mapinduzi ya Ufaransa. Waromantiki wakashika upande wa hisia na msiba: Géricault alichora Chelezo cha Medusa mwaka 1819, na Delacroix akachora Uhuru Akiongoza Watu mwaka 1830.

Gustave Courbet, ambaye picha zake kadhaa zilikataliwa katika maonyesho makuu ya 1855, alijijengea banda lake mwenyewe na kuliandika Uhalisia mlangoni. Jina hili angalau lilitundikwa na mwenyewe. Hata hivyo, katika maelezo aliyoyachapisha kwa wageni, Courbet alisema wazi kwamba alibandikwa jina la mhalisia kama vile watu wa 1830 walivyobandikwa jina la Waromantiki, na kwamba majina ya namna hiyo hayajapata kutoa picha sahihi ya vitu.

KIIMPRESIONI

Mwaka 1839 habari za picha za kamera zilitangazwa Paris, na mwaka 1841 Mmarekani John Goffe Rand alipata hati ya uvumbuzi wa kopo laini la bati la kuhifadhia rangi. Jambo la kwanza lilimwondolea mchoraji kazi ya kuhifadhi sura. La pili lilimwezesha kubeba rangi zake hadi mtoni au shambani.

Tarehe 15 Aprili 1874, wachoraji wapatao thelathini, wakiwamo Monet, Renoir, Degas, Pissarro na Berthe Morisot, walifungua maonyesho yao katika iliyokuwa studio ya mpiga picha Nadar, Paris. Walijiita shirika la wasanii, basi. Monet alikuwa ametundika picha ya bandari ya Le Havre wakati wa mapambazuko, akaiita Impresioni. Siku kumi baadaye Louis Leroy alilidaka neno hilo katika gazeti la kuchekesha, Le Charivari, akawadhihaki wote kwalo. Mwaka 1877 kundi lilikubali kulitumia katika maonyesho yake ya tatu. Hapa mtaalamu wa lugha aweza kulitazama tusi likigeuka istilahi katika muda wa miaka mitatu, kwa sababu waliotukanwa walikuwa hai na waliweza kulishika wenyewe.

Waliofuata hawakuipata nafasi hiyo. Mwingereza Roger Fry alibuni jina la Baada ya Impresioni kwa maonyesho ya London ya mwaka 1910. Van Gogh, Seurat, Gauguin na Cézanne, ambao ndio nguzo za jina hilo, wote walikuwa wamekwisha kufariki.

MICHEMRABA, VINYAGO NA NENO MOJA LA HATARI

Mhakiki Louis Vauxcelles alitoa lakabu mbili katika miaka mitatu. Mwaka 1905, alipoona rangi kali za Matisse na wenzake katika maonyesho ya Paris, aliwaita wanyama wa mwitu. Mwaka 1908, akitazama picha za Braque, aliandika kwamba kila kitu kimefanywa michemraba. Yote mawili yameingia vitabuni.

Kabla ya hapo, mwaka 1907, Picasso alikuwa amezuru jumba la makumbusho la Trocadéro, Paris, na kuona vinyago vya Afrika. Mwaka uo huo alichora Wasichana wa Avignon, na nyuso mbili katika picha hiyo zafanana na vinyago. André Derain naye alikuwa na kinyago cha Wafang wa Gabon. Mafundi waliochonga vitu hivyo hawakuandikwa majina. Sanaa yao ilipewa jina moja tu, kutoka primitivus la Kilatini, lenye maana ya kitu cha mwanzo, nalo likazoeleka kwa maana ya kisichoendelea.

Inafaa kukumbuka kwamba neno hilo halikuanza kwa Waafrika. Maonyesho ya Bruges ya mwaka 1902 yaliwaita hivyo van Eyck na wenzake wa Flanders, na maonyesho ya Paris ya 1904 yaliwaita hivyo wachoraji wa kale wa Ufaransa. Katika karne ya 20 watu wa Ulaya walivuliwa jina hilo kidogo kidogo kadiri kazi zao zilivyochunguzwa. Waafrika walibaki nalo. Maonyesho makubwa ya New York ya mwaka 1984 yalipolitumia tena, ingawa ndani ya alama za mtajo, yalizusha mabishano makali. Mfasiri wa Kiswahili akilifasiri kwa neno la ushenzi au la kutoendelea, atakuwa amewatukana wachongaji wa bara lake kwa lugha yao wenyewe.

Kwamba jina laweza kudhuru zaidi ya hisia lilidhihirika Ujerumani. Neno la uharibifu wa kizazi, lililotoka katika udaktari na kupelekwa kwenye sanaa na kitabu cha Max Nordau cha 1892, lilichukuliwa na serikali ya Wanazi. Tarehe 19 Julai 1937 maonyesho ya sanaa iliyoharibika yalifunguliwa Munich, yakiwa na mamia ya kazi zilizonyang'anywa kutoka majumba ya makumbusho, miongoni mwake za Kandinsky, Klee, Nolde na Kirchner, na maneno ya dhihaka yakiandikwa ukutani. Kirchner alijiua mwaka uliofuata. Baadhi ya kazi ziliuzwa kwa mnada Luzern, Uswisi, mwaka 1939.

ISTILAHI ZA KISWAHILI

Kutokana na habari hizi yaweza kupendekezwa njia tatu. Kwanza, jina linalotaja wakati au jambo lisilo na hukumu litafsiriwe: sanaa ya kale ya Kigiriki, sanaa dhahania, Uhalisia. Waitaliano wenyewe huzitaja karne zao za sanaa kwa hesabu tu, na karne ya 15 huitwa Mia Nne. Njia hiyo haimhukumu mtu. Pili, jina lililoanza kama lakabu lichukuliwe kwa sauti yake na kupewa umbo la Kiswahili: Kigothi, Baroki, Rokoko. Sauti ngeni humfanya msomaji aulize asili, ilhali tafsiri humfanya aamini. Mchemraba waweza kuruhusiwa, kwa kuwa tusi lake limekwisha makali na neno ni la kawaida katika hesabu. Tatu, jina linalowashusha watu lisitafsiriwe wala kuchukuliwa; kitajwe kitu chenyewe, mahali pake na watu wake, kama Burchard alivyofanya kwa kanisa la Wimpfen.

Kamusi ya istilahi za sanaa yapasa kueleza, mbele ya kila jina, nani alilitoa, mwaka gani, na kwa nia gani. Mstari mmoja watosha. Bila mstari huo, Vasari ataendelea kusema peke yake katika lugha ambayo hakuijua.